Fundo la Saba

Waokoaji walimkuta mpiga picha ameketi. Kila walipoulizwa walianza na neno hilo, ameketi, kana kwamba ingekuwa nafuu kama wangemkuta amelala.

Alikuwa chini kabisa ya Bakuli, shimo la duara ambalo volkano ililichimba katikati ya bonde la rangi, kina chake kama nyumba ya ghorofa nne. Mgongo ameuegemeza ukutani, miguu ameinyoosha kwenye tope la kijani, kamera mapajani, uso ameuinua kama mtu anayesubiri jua. Ilikuwa Jumamosi, saa sita kasoro robo mchana. Hakuwa na jeraha hata la mwiba. Hewa nzito isiyo na harufu, ile inayolala chini ya shimo mpaka upepo uje kuivuruga, ilikuwa imemmaliza kimyakimya.

Juu ukingoni, kamba ya mshumaa ilikuwa bado imefungwa kwenye nguzo fupi ya chuma. Kiongozi wa waokoaji aliwasha mshumaa ndani ya kopo, akalishusha polepole huku akihesabu mafundo. Kwenye fundo la tano mwali ukazimika. Kwenye la saba kopo likasimama shubiri moja juu ya tope, kama inavyotakiwa. Akaandika daftarini: kamba nzima, mafundo sahihi, hewa mbaya. Kwa maneno hayo machache akawa amemfunga mwongozaji wa mpiga picha.

Mwongozaji huyo wenzake walimwita Kinyonga, kwa sababu aliweza kukutajia rangi kumi na tisa za bonde lile bila kurudia. Ama hakuushusha mshumaa, ama aliuona ukizimika akanyamaza. Hakukuwa na njia ya tatu.

Dada yake aliitafuta hiyo njia ya tatu usiku mbili mfululizo, asiipate.

*

Dada yake alikuwa fundi kamera, na mji mzima ulimwita Fundi. Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Aliifungua kamera moja mbovu, akairudisha, ikabaki skrubu moja mkononi. Akaifungua tena, na tena, mpaka skrubu ile ikapata mahali pake. Ndivyo alivyoishi tangu siku hiyo. Hakusema jambo lilivyo kabla hajaona kila kipande kimekaa.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Sajini aliingia dukani kwake na mfuko wa plastiki.

"Kamera ya marehemu," alisema. "Haiwaki, na mlango wa kadi umeganda. Askari wangu mmoja alitaka kuufungua kwa koleo."

"Ukamwachia?"

"Nimepata dhambi nyingi, dada, lakini hiyo hapana."

Fundi hakucheka. "Afande, unajua mimi ni nani kwa mtu uliyemfungia?"

"Najua. Najua pia hakuna fundi mwingine mpaka ufike makao makuu. Kwa hiyo utafungua, na mimi nitakaa hapa nikikutazama mikono." Sajini alivuta kiti. Kikalia. "Hiki nacho ni mgonjwa?"

"Kinasubiri zamu yake."

Sajini alikuwa na miezi minne tu katika mji huo. Alikuwa mtu wa nchi tambarare, na bonde la rangi, huko juu mlimani, alikuwa amelifikia mara moja, Jumamosi, kwenda kuchukua maiti. Alipoketi, macho yake yaliangukia kisahani kilichokuwa mezani. Ndani yake mlikuwa na mkufu mwembamba wa fedha.

"Wa kwako?"

"Wa marehemu. Aliuacha Ijumaa jioni alipokuja kununua betri." Fundi aliendelea kuchagua bisibisi. "Mvuke wa salfa huko juu unaigeuza fedha kuwa nyeusi kama sufuria. Kila apandaye huvua kabla hajaondoka nyumbani. Wageni hukumbushwa. Sisi wa hapa mikono yetu hufanya yenyewe, kama unavyovua viatu ukifika kitandani. Aliniambia angeupitia Jumamosi jioni."

Sajini aliutazama mkufu, akauondolea macho. "Sikiliza, Fundi. Sikuja kukutesa. Ndugu yako amekubali. Maelezo yameshapigwa chapa: kwamba hakushusha kamba mpaka mwisho. Gari la makao makuu linakuja saa kumi jioni. Akitia sahihi, anaondoka nayo, na huko hakuna wa kumuuliza tena chochote. Miaka kumi na tano, pengine zaidi."

"Amekubali kwa maneno yake?"

"Kwa maneno yangu. Yeye anatikisa kichwa tu. Hajala tangu Jumamosi."

Fundi aliigeuza kamera. Akafungua skrubu ya kwanza.

*

Saa nne na nusu alipaka dawa ya kulainisha kwenye bawaba ya mlango wa kadi. Dawa hiyo ilihitaji saa moja na nusu kufanya kazi, na kuiharakisha kungevunja kadi. Akamwomba Sajini wakamwone ndugu yake. Sajini alifikiri kidogo, akatia kamera mfukoni mwa koti lake mwenyewe, akamwongoza.

Kinyonga alikuwa ameketi sakafuni katika chumba cha mahabusu. Sahani ya chakula ilikuwa karibu na mlango, haijaguswa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kula."

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa. Kula, halafu unieleze siku ile, kuanzia langoni."

Hakula, lakini alieleza, macho yakiwa kwenye vidole vyake. Walifika langoni saa kumi na mbili na dakika kumi. Mlinzi wa lango aliwapa kamba kama kawaida; kamba hulala langoni, mwongozaji huichukua asubuhi na kuirudisha jioni. Mlinzi huyo waongozaji wote walimwita Kaka Mkuu, maana ndiye aliyewafundisha njia kabla mapafu hayajamharibikia. Wakafika kwenye Bakuli saa mbili kasoro. Jua huingia ndani ya Bakuli kwa dakika kumi na moja tu, na mzee, yule mpiga picha, alikuwa na haraka. Akaushusha mshumaa.

"Ulihesabu?"

"Kwa vidole. Mvuke unachoma macho, dada, hakuna anayetazama chini. Unageuza uso, unaachia kamba, fundo linapita kwenye glavu, unahesabu. Saba. Nikachungulia mara moja, mwali nikauona uking'aa. Nikaanza kufunga kamba kwenye nguzo. Mimi ndiye ningetangulia, ndiyo sheria. Lakini mzee akaona jua limegusa tope, akasema, 'Mwanangu, halitanisubiri,' akashika ngazi. Nilikuwa nimeshuka vidato vitatu nilipomwona anaketi." Alikunja vidole. "Alikaa taratibu. Kama amechoka."

"Mafundo yalikuwaje mkononi?"

"Yalikuja haraka."

Fundi aliinua kichwa. "Haraka vipi?"

"Nilihesabu haraka, ndivyo. Kwa sababu ya mzee kunihimiza. Labda nilihesabu sita nikadhani saba. Labda tano. Afande ananiuliza, nami sijui. Ningejua ningesema." Aligeukia ukuta. "Na hata kama sikukosea hapo, nilishakosea zamani. Nilishasema uongo mmoja juu ya mlima huu, dada. Mtu alikufa nami nikasema uongo. Sasa umenirudia. Acha nitie sahihi, yaishe."

"Uongo gani?"

"Nimemwambia anayehusika. Wiki iliyopita. Nilikuwa nakwenda kuusema ofisini leo, Jumatatu. Sasa nani ataniamini?"

Zaidi ya hapo hakusema. Fundi alipotoka, alikuwa amebeba vitu viwili: mafundo yaliyokuja haraka, na uongo wa zamani. Hakujua kama vinatoka kwenye mashine moja.

*

Mlango wa kadi ulifunguka saa sita mchana bila kuvunjika. Fundi alisafisha miguu ya kadi kwa brashi na spiriti, akaikausha, akaitia kwenye kompyuta. Kabla ya picha yoyote aliwasha kamera kwa betri nyingine, akalinganisha saa yake na saa ya ukutani. Ilichelewa dakika tatu. Akaandika pembeni.

Za Jumamosi zilikuwa picha tisa.

Ya kwanza, saa kumi na mbili na dakika kumi, ilikuwa ya langoni: mkono wa Kaka Mkuu unatoa kamba dirishani, umemulikwa na taa. Picha nzuri, kila mshipa unaonekana, hata mstari mweupe kwenye kidole cha pete. Ya pili na ya tatu zilikuwa za bonde linapopambazuka, njano, chungwa, zambarau. Ya nne mpaka ya sita, mawingu. Ya saba ilikuwa Bakuli kutoka ukingoni, saa mbili kasoro dakika tano: kopo linaning'inia, mwali hai ndani yake, na juu pembeni glavu ya Kinyonga. Ya nane, tope la kijani kwa karibu. Ya tisa haikuwa na umbo. Rangi tu, na kona ya anga.

Sajini alivua kofia. Kisha akarudisha picha ya saba.

"Mwali unawaka," alisema mwishowe. "Basi alishusha. Lakini hakufikisha. Ndicho alichokubali."

 Fundi aliinuka, akaenda ukutani, akashusha fremu iliyokuwa imening'inizwa kati ya kalenda na kioo. "Hii nilimchapia mwaka jana. Alikuwa anapiga Bakuli kila mwaka, amesimama palepale, kamera ameiegemeza kwenye nguzo ileile, alinganishe rangi zinavyobadilika. Tazama ukuta wa shimo. Njano, chungwa, nyekundu ya kutu, halafu tope. Mwaka jana kopo liko wapi?"

"Chini. Shubiri moja juu ya tope."

"Na Jumamosi?"

"Limeishia kwenye nyekundu. Juu sana. Nilikwambia, hakufikisha."

"Sasa hesabu mafundo, Afande. Kutoka kwenye glavu mpaka kwenye kopo. Usiniamini mimi, hesabu mwenyewe."

Sajini aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. Alihesabu. Akatoa miwani, akahesabu tena, midomo ikicheza.

"Saba," alisema.

"Alihesabu sawasawa. Mafundo yalikuwa karibu-karibu, ndiyo maana yalikuja haraka. Kamba iliyopo kituoni kwako ina pima moja kati ya fundo na fundo?"

"Nimeipima mwenyewe."

"Basi siyo hii. Asubuhi ile ilikuwapo kamba fupi, imefungwa makusudi kumdanganya anayehesabu kwa vidole. Na kabla waokoaji hawajafika mtu aliitoa, akaiweka ya kweli." Sauti yake haikupanda. "Na anayetangulia ngazini ni mwongozaji, Afande. Mzee alikufa kwa sababu ya dakika kumi na moja za jua. Aliyefunga mafundo yale alikuwa anamtaka mdogo wangu."

Sajini alivaa kofia, akaivua tena. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kasoro kumi.

"Mtu gani?" aliuliza.

"Sijui bado."

Sajini aliisogeza picha ya tatu, akaikuza. Kwenye mgongo wa mlima, ng'ambo ya bonde, palikuwa na tone la rangi ya chungwa. "Sikuwa na sababu ya kumfikiria huyu mpaka sasa. Mwenzake marehemu, mpiga picha mwingine, walikuja pamoja. Alisema goti lilimuuma, alilala mpaka saa nne. Ana koti la rangi hiyo. Na kamba hulala langoni usiku, dirisha lile hata mimi na tumbo hili ningepita."

*

Nyumba ya wageni ilikuwa mwisho wa barabara. Mama mwenye nyumba aliwapokea mlangoni mikono ikiwa kiunoni.

"Goti? Afande, mtu mwenye goti bovu hashuki ngazi zangu saa kumi alfajiri na viatu mkononi. Nilidhani anakimbia malipo. Nikamwacha, mkoba wake mmoja ulikuwa bado chumbani."

Yule mpiga picha mwingine alikuwa kitandani, koti la chungwa limetundikwa nyuma ya mlango. Kwa jinsi alivyoinuka, goti halikuwa na tatizo lolote.

"Ulidanganya polisi," Sajini alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Alikaa tena. Alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu ya kutolala. "Kwa sababu ya aibu. Mgongo ule wa mlima ni wake. Yeye ndiye aliyegundua pembe ile, miaka mitano iliyopita, na mwaka huu alinionyesha kwa siri, mimi, rafiki yake. Jumamosi nikatangulia kwenda kumwibia picha yake, bila kibali, bila mwongozaji. Nikashuka nikakuta amekufa. Ningeanzia wapi kusema?"

"Ungeanzia kituoni," Sajini alisema kwa ukali. "Au ulikuwa na lingine la kuficha? Langoni ulipita saa ngapi?"

"Sikupita langoni, kuna njia ya mbuzi kwa nyuma. Nilikuwa juu mpaka saa nne, sikusogea. Tazameni."

Alimpa Fundi kamera yake. Fundi alianza na saa: ilikuwa sawa na simu ya Sajini. Kisha akapitisha picha moja baada ya nyingine, zote za bonde zima, zimepigwa kutoka mahali pamoja kila baada ya dakika chache, tangu saa kumi na mbili mpaka saa nne. Hakuwa na nafasi hata ya kwenda haja, seuze kubadilisha kamba. Sajini alipumua kwa nguvu kama aliyeangusha mzigo asiotaka kuutua. Saa nane na dakika tano.

Fundi hakuacha kupitisha. Kwenye picha moja alisimama, akaikuza mpaka ikaanza kuchakaa.

Saa tatu na dakika kumi na saba. Kwenye njia ya mkato, ile iliyofungwa kwa sababu ya ukali wake, karibu kufika ukingo wa Bakuli, palikuwa na mtu. Koti la kijani.

"Koti la kazi," Sajini alisema taratibu. "Waongozaji wote wanalo. Hata ndugu yako."

"Mdogo wangu alikuwa wapi saa tatu na dakika kumi na saba?"

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote bila kualikwa, ndiye aliyejibu. "Alikuwa jikoni kwangu. Kaka Mkuu alimtuma ashuke awasubiri waokoaji hapa. Nilimpa maji, akayamwaga yote kifuani. Redio ilikuwa inasoma habari za saa tatu."

"Waongozaji wengine?"

"Jumamosi walikuwa njia ya maporomoko, wote wanne na watalii wao. Walilala kwangu, naijua orodha."

Sajini alimtazama Fundi. Fundi alikuwa ameshika kona ya meza. Kaka Mkuu ndiye aliyemshika mdogo wake mkono siku ya kwanza ya kazi. Ndiye aliyesimama nao mama yao alipofariki. Alikuwa akimwita dada, na alikuwa akimaanisha.

"Picha hii haionyeshi sura," Sajini alisema. "Atakataa, na nitakuwa sina kitu. Zimebaki saa mbili."

"Ya kwanza," Fundi alisema. "Afande, turudi kwenye picha ya kwanza."

*

Walifika langoni saa tisa na robo. Kibanda cha mlinzi kilikuwa kisafi: meza, simu, daftari, dirisha, na ukutani misumari sita yenye kamba za mshumaa. Kaka Mkuu alisimama kuwapokea, akakohoa, akawapa kiti kimoja kilichokuwapo.

"Pole, dada. Nimekuwa nikimwombea mdogo wetu."

"Asante."

Sajini alibaki amesimama. "Maswali machache ya kufungia faili. Jumamosi uliletewa taarifa saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro dakika kumi kijana alifika hapa. Dakika mbili baadaye nilipiga simu, imeandikwa hapo. Nikamtuma chini. Nami nikabaki."

"Hukuondoka?"

"Niondoke niende wapi? Lango haliachwi. Na kwa kifua hiki?" Akapiga kifua kidogo. "Miaka mitatu sijapanda hata nusu ya njia."

"Pete nzuri," Fundi alisema.

Kaka Mkuu alitazama mkono wake. Pete nene ya fedha, iliyong'aa. "Ya ndoa. Unaijua."

"Naijua. Ulipokuwa mwongozaji ulikuwa ukiivua kila siku. Siku hizi?"

"Siku hizi ya nini? Hapa mvuke haufiki. Haijatoka kidoleni miaka mitatu, labda kwa sabuni."

"Una uhakika, kaka?"

"Dada, pete yangu ina nini na kesi ya kijana?"

Fundi aliweka mezani picha aliyoichapisha kabla ya kupanda gari. Mkono, kamba, dirisha. Mwanga wa taa. Mstari mweupe kwenye kidole kitupu.

"Ni wewe, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi ile," alisema. "Na kumi na tatu, maana kamera ilichelewa dakika tatu. Mzee alikuwa hai. Ajali haikuwa imetokea. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kupanda ila mwenye kibali cha siku ile. Wewe ulikuwa umeshavua."

Kaka Mkuu hakuigusa picha.

"Ulijua utapanda," Fundi aliendelea, polepole vilevile. "Ulipoamka mkono wako ulifanya wenyewe, kama mikono yetu sote. Ulikuwa na kamba moja fupi ya kumpa, na ya kweli ya kwenda kubadilisha akishakufa. Tunayo picha ya mtu kwenye njia ya mkato. Tunayo picha ya mafundo. Kaka, nimekuja nikitumaini nimekosea. Nimezifungua na kuzirudisha kutwa nzima. Hakuna skrubu iliyobaki."

Simu ilianza kulia mezani. Hakuna aliyeipokea. Ilipokoma, Kaka Mkuu alivuta stuli kutoka chini ya meza akaketi, na kikohozi kikamshika kwa muda mrefu, mpaka Sajini mwenyewe akammiminia maji.

"Mzee yule sikumkusudia," alisema.

"Tunajua uliyemkusudia," Sajini alijibu.

"Miaka mitatu iliyopita nilimshusha mwalimu mmoja ndani ya Bakuli. Mwanamke, mcheshi, alituimbia njia nzima. Sikushusha mshumaa. Nilikuwa nimeshashuka mara mbili wiki ile, hewa ilikuwa safi, nikaona uvivu. Uvivu tu, Afande. Niliingia kumtoa, ndipo mapafu yakaisha. Kijana alikuwa mbeba mizigo wangu. Nikamwambia aseme kamba ilishuka, akasema." Alifuta mdomo. "Mama yake yule mwalimu huja hapa langoni kila mwaka. Haulizi kwa hasira. Anauliza tu, 'Mshumaa ulizimika fundo la ngapi?' Mimi nimezoea kumjibu. Kijana hakuzoea. Wiki iliyopita akaniambia, 'Kaka, Jumatatu nakwenda kusema.' Nikamsihi. Nikapiga magoti, dada, hapa hapa. Akalia, akasema atasema."

"Ukafunga mafundo," Fundi alisema.

"Nilimfundisha mimi kuhesabu kwa vidole." Alisema hivyo kana kwamba ndilo lililomshangaza kuliko yote. "Kamba iko chini ya tangi la maji. Sikuweza kuichoma. Moshi ungenimaliza."

Alivua pete, akaiweka juu ya picha, kisha akanyoosha mikono kabla Sajini hajatoa pingu.

*

Saa kumi kasoro dakika nane, gari la makao makuu lilikuwa tayari limesimama mbele ya kituo, injini ikinguruma. Sajini alimtia Kaka Mkuu nyuma, akaingia ndani, akachukua maelezo yaliyopigwa chapa, akayachana mara nne mbele ya Kinyonga.

"Uko huru," alisema. "Na ulihesabu saba."

Kinyonga alimtazama dada yake. Fundi aliketi sakafuni karibu naye, akamweleza kila kipande kwa mpangilio, kamba, kopo, koti, pete, bila kurembesha. Alipofika kwenye jina la Kaka Mkuu, ndugu yake alifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika. Fundi alimwacha. Sajini alijifanya kutafuta kitu kwenye droo.

Baadaye Kinyonga alijifuta, akavuta sahani ya chakula kilichopoa, akala matonge matatu.

"Afande, unayo karatasi tupu?"

"Ya nini? Nimekwambia uko huru."

"Ya mwalimu."

Sajini alifunga droo. "Ukiandika hilo, sikuahidi kitu. Uliwadanganya wachunguzi. Kuna kifungu chake. Kibali cha kazi kitaondoka, na huenda usitoke kirahisi."

"Najua."

"Huyu aliyefanya ameshakiri. Hawakuhitaji wewe."

"Mama yake anauliza fundo la ngapi," Kinyonga alisema. "Hakuna fundo. Ajibiwe na mtu aliyekuwapo."

Sajini alimgeukia Fundi, akisubiri amzuie. Kutwa nzima alikuwa akipigana ndugu yake asitie sahihi. Fundi aliufungua mkono wake. Ndani ya kiganja mlikuwa na mkufu wa fedha, aliotoka nao dukani ampe Sajini auweke na vitu vya marehemu. Akauweka mezani. Kisha akatoa kalamu sikioni, ile aliyoandikia dakika tatu za kamera, akaijaribu kwanza kwenye kucha kuona kama inatoa wino.

Ikatoa. Akampa mdogo wake.